Aliamka Mwanamke, Akaenda Kuoga

Msikilizaji, usiku mmoja umeme ulikatika Pangani nami nikiwa barazani kwa bibi yangu. Yeye ameketi mkekani, pepeo la ukindu mkononi, akasema amechoka kutoa hadithi kila siku, leo nitoe mimi. Ndani ya mkoba nilikuwa na riwaya ya Kiingereza niliyoimaliza kwenye basi mchana ule ule, imenichekesha mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kulikoni. Nikaamua nimpe bibi hiyo.

Paukwa, nikasema. Pakawa, akaitikia. Hapo zamani huko Uingereza, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, palikuwa na kijana wa ukoo mkubwa jina lake Orlando. Ana nyumba yenye vyumba vya kulala 365, anaandika mashairi usiku na mchana, na Malkia mwenyewe anampenda. Malkia akafa, wakaja wafalme wengine, Orlando akapenda, akaachwa, akatumwa kuwa balozi Konstantinopoli, mji tunaouita leo Istanbul. Huko akalala siku saba mfululizo. Alipoamka, akajitazama kwenye kioo kirefu, akaenda kuoga. Akapanda punda, akatoka mjini, akaishi milimani na watu wa mahema. Akachoka, akapanda meli arudi kwao. Siku moja yuko sitahani, amevaa sketi pana, akausogeza mguu kidogo tu, na baharia aliyekuwa juu ya mlingoti akakiona kifundo cha mguu wake, nusura aanguke baharini.

Pepeo likasimama. "Kwani Orlando ni mwanamke?"

"Tangu alipoamka, bibi."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Akacheka cheko lake refu la pwani, lile linaloanzia tumboni, akaanza tena kujipepea na kuniambia niendelee.

Kilichotokea barazani pale hakiwezi kumtokea msomaji wa Kiingereza, na ndiyo sababu nimekuja nacho kwenye maikrofoni. Kiingereza kina neno moja la kumrejelea mwanamume na jingine la kumrejelea mwanamke, na huwezi kwenda sentensi mbili bila kuchagua. Kwa hiyo mwandishi, Virginia Woolf, alipofika mahali pa kumgeuza Orlando ilimbidi asimame na kufanya kazi kubwa. Aliwaleta mabibi watatu wenye majina ya Utakatifu, Ubikira na Haya, wakataka kuufunika mwili wa aliyelala ili tusione. Alileta tarumbeta zinazoudai ukweli na ukweli peke yake. Mabibi wakafukuzwa, Orlando akasimama uchi mbele yetu, mwanamke. Hapo sarufi yenyewe ikayumba: mwandishi akashika kwa muda mfupi neno la wengi, kana kwamba Orlando ni watu wawili, kisha akatangaza kwamba kwa kufuata desturi ataanza sasa kutumia neno la kike. Ukurasa huu umeandikiwa mengi na maprofesa.

Kwetu ni herufi moja. Aliamka. Ile "a" ya mwanzo inambeba sultani na mtumwa, bibi harusi na bwana harusi, simba, nzi na paa anayesema wa hadithi za pwani. Sisemi kwamba lugha yetu haijui mume na mke. Inajua sana: ina mjomba na shangazi, ina jando na unyago, ina bwana na bibi. Lakini kitenzi chake hakiulizi. Unaweza kumfuata mtu tangu kuzaliwa mpaka kaburini, amependa, amefilisika, amesafiri, na kama msimuliaji hakutaja vazi wala ndevu, hujui. Woolf alilazimika kuipandisha lugha yake mlima ili afike mahali ambapo Kiswahili kinakaa kila siku kwenye mkeka kikijipepea.

Kuna tunachokikosa, nakiri. Ule ucheshi wa lugha kujikwaa hauwezi kuvuka. Kama ningepewa kazi ya kuifasiri riwaya hii, ningelazimika kutafuta mahali pengine pa kuuweka mkwao, labda katika namna watu wanavyomwamkia: waliozoea kumwita Bwana Balozi wanapaswa sasa kusema Bi Orlando, na ulimi unagoma. Ningeifanya kazi hiyo kwa furaha.

Sasa nikuambie kitabu chenyewe ni kitu gani. Kinaitwa Orlando, kilitoka London tarehe 11 Oktoba 1928, na kilichapwa na Hogarth Press, kampuni aliyoianzisha Woolf na mumewe Leonard. Jalada linadai ni wasifu. Wewe uliyesoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert unajua wasifu unavyokwenda: mtu alizaliwa hapa, alifanya haya, alifariki vile. Huyu wa Woolf tunamkuta ana miaka 16 chini ya Elizabeth wa Kwanza, na zaidi ya miaka 300 baadaye ana miaka 36, anaendesha gari mjini London na kwenda dukani kununua mashuka. Hakuna anayeeleza inawezekanaje. Kitabu kina dibaji ya shukrani, kina picha, kina faharasa mwishoni kama kazi ya mwanahistoria. Katika dibaji, mwandishi anamshukuru hata bwana mmoja wa Marekani ambaye kwa hiari yake amekuwa akimsahihishia nukta, mimea na tarehe za vitabu vyake vya nyuma, ila kwa bahati mbaya jina lake limempotea.

Wenye maduka walikiweka kwenye rafu za wasifu, Woolf akahofia hasara. Kikauzwa nakala zaidi ya 8,000 katika miezi sita ya mwanzo, kuliko alivyowahi kuona.

Ninayoyapenda zaidi ni mawili. La kwanza ni Baridi Kuu, pale mto Thames unapoganda mwanzoni mwa karne ya 17. Ndege wanaganda angani wanadondoka kama mawe. Mwanamke wa Norwich anavuka barabara, anageuka vumbi, upepo unampeperusha juu ya mapaa. Chini ya barafu wanamwona mama muuza matofaa, amekaa ndani ya mashua yake iliyozama, matofaa yamejaa mapajani, macho wazi kama anayemsubiri mteja, na Mfalme anapenda kwenda kumtazama. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni. Juu ya barafu hiyo hiyo Orlando anamwona mtu anateleza kwa viatu vya barafu, amevaa suruali pana ya Kirusi, na anakata tamaa akidhani ni mvulana. Kumbe ni binti, Sasha, na moyo wa Orlando hautapona.

La pili ni nzi. Kuna binti wa kifalme kutoka Romania, Harriet, ana kimo cha zaidi ya futi sita, anampenda Orlando mpaka Orlando anaomba ubalozi wa mbali ili amkimbie. Miaka inapita, Orlando anarudi akiwa mwanamke, na Harriet anabisha hodi tena. Orlando anageuka kummiminia divai, anapogeuka tena anamkuta mwanamume. Ni Harry. Alijivika gauni miaka yote ile kwa ajili ya mapenzi, na sasa mambo yamekuwa sawa anaomba kuoa. Hawana la kuzungumza. Basi wanacheza kamari: madonge ya sukari mezani, wanabashiri nzi atatua donge lipi. Siku nzima. Orlando, kwa kuchoka, anabandika nzi aliyekufa juu ya donge lake na kushinda kila mara, akitumaini bwana atakasirika aondoke. Bwana anachelewa sana kugundua, anapogundua analia, halafu anasamehe. Ikabidi Orlando amtumbukizie chura ndani ya shati. Nilipofika hapo bibi yangu aliniomba nirudie.

Najua wapo wanaojiuliza kicheko hiki kinatoka wapi. Kinatoka kwenye mapenzi ya wanawake wawili, na nitayasema kama yalivyo kwa sababu ndiyo yaliyokiandika kitabu.

Desemba 1922 Virginia Woolf, akiwa na miaka 40, alikutana na Vita Sackville-West, miaka 30, mshairi, mtoto wa ukoo wa kale wa Kent. Wote walikuwa na waume, na kila mmoja alimpenda mumewe. Mume wa Vita, mwanadiplomasia Harold Nicolson, naye alikuwa na wapenzi wanaume. Katikati ya miaka ya 1920 wanawake hawa walikuwa wapenzi. Oktoba 1927 Virginia alimwandikia Vita barua: ingekuwaje Orlando akiwa wewe? Vita akaogopa na kufurahi kwa pamoja, akaruhusu.

Hapo ndipo ninapomwona Woolf kama mtani. Sisi hili tunalijua. Wahehe na Wangoni walipigana karne ya 19, leo ni watani, na mtani ataingia msibani kwako, atamtangaza marehemu kuwa alikuwa bahili, atazuia jeneza mpaka alipwe, na wafiwa watacheka huku machozi yanatoka. Kwa utani unasemwa ukweli ambao kwa mdomo wa kawaida ungeleta ugomvi. Lakini utani una masharti. Unayemtania lazima mheshimiane, na lazima awe na nafasi ya kukujibu.

Tazama sasa alivyomtania mpenzi wake. Vita ujanani alitembea mitaani amevaa kiume, akijiita Julian, pamoja na msichana aliyempenda, Violet Trefusis. Huyo ndiye Sasha wa kwenye barafu. Bibi yake Vita alikuwa mcheza ngoma wa Kihispania aitwaye Pepita. Kitabuni Orlando anadaiwa kumwoa mcheza ngoma Rosina Pepita. Harold alifanya kazi Konstantinopoli. Basi Orlando naye akawa balozi huko. Vita alitunga shairi refu la mashamba ya Uingereza, likashinda tuzo mwaka 1927. Orlando analibeba kifuani shairi la mwaloni kwa karibu karne tatu ndipo limalizike, na linapotoka linashinda tuzo. Hata picha za kitabu zimo: Orlando wa kwenye picha tatu ni Vita mwenyewe, na Sasha ni Angelica, mtoto wa dada yake Virginia, amevishwa Kirusi. Siku ya kutoka kitabu Vita alikipata na kusoma, akaandika barua ya mtu aliyepigwa na butwaa la furaha. Mama yake Vita alikichukia mpaka kufa.

Na mwaka ni 1928. Julai ya mwaka huo ilitoka London riwaya nyingine ya mwanamke anayependa wanawake, The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall. Hiyo haina utani hata chembe. Ni kilio, inaomba huruma, nami nakiheshimu kilio hicho. Novemba ikafikishwa mahakamani kwa uchafu. Waandishi wengi walikuja kuitetea, Woolf akiwa mmojawao, ameketi tayari kutoa ushahidi. Hakimu hakutaka kuwasikia, akaamuru nakala ziharibiwe. Wakati huo Orlando, aliyembusu Sasha akiwa mwanamume na kuendelea kumkumbuka akiwa mwanamke, alikuwa madirishani mwa maduka. Sheria ya Uingereza iliwaadhibu wanaume kwa mapenzi ya aina hii. Mwaka 1921 wabunge walijaribu kuwaongeza wanawake, Baraza la Malodi likakataa, hoja mojawapo ikiwa kwamba sheria hiyo ingewafahamisha wanawake wengi jambo ambalo hawakuwahi kulisikia.

Sasa niseme lililonichoma. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa Orlando, kabla ya kicheko chochote, unamkuta kijana huyu darini anakichezea upanga kichwa kilichokauka cha Mmoor, kinaning'inia kwenye boriti. Baba yake au babu yake alikikata Afrika. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kitabu ninachokipenda. Mara ya kwanza nilikifunga, nikakaa nacho mapajani kituo baada ya kituo. Nilipokifungua tena nilikuwa nimeshaamua kusoma macho wazi.

Tena yapo ya nyuma yake. Tarehe 7 Februari 1910, Virginia akiwa bado hajaolewa, yeye na kaka yake na marafiki zao, jumla watu sita, walifanya mzaha uliotikisa Uingereza. Alipakwa rangi nyeusi usoni, akabandikwa ndevu, akafungwa kilemba, na baadhi ya wenzake vivyo hivyo, wakapanda treni mpaka Weymouth wakijifanya wana wa kifalme kutoka Ethiopia. Wakapokewa kwa heshima ndani ya manowari Dreadnought, fahari ya jeshi la majini. Kwenye treni walikuwa na kitabu cha sarufi, wakikaririshana maneno ili waonekane wa kweli. Sarufi ya nini? Ya Kiswahili, msikilizaji. Kiswahili cha Ethiopia! Kakake Adrian, aliyekuwa mkalimani, maneno yakamwishia upesi, akaanza kuyavunjavunja mashairi ya Kilatini ya Virgil, na hakuna afisa aliyestuka. Bendi nayo, kwa kukosa wimbo wa taifa wa Ethiopia, ikapiga wa Zanzibar.

Nimelifikiria sana jambo hili. Walengwa wa mzaha walikuwa maofisa wakubwa, na huo mshale ulifika. Lakini sisi tulikuwa nguo ya kujivika. Lugha ya bibi yangu ilichukuliwa kama kelele ya kuigiza, na hakuna mtu wa Zanzibar wala wa Addis Ababa aliyekuwepo kujibu. Kwa masharti yetu huo hauwi utani. Orlando ni utani, kwa kuwa Vita alikuwepo, alipendwa, na alijibu. Na bado siwezi kuvitenga vitu hivi viwili kabisa: yule msichana wa miaka 28 aliyepita kati ya wanamaji na ndevu za bandia, akijua kwamba hakuna aliyemwona mwanamke ndani ya kanzu ile, ndiye aliyekuja kuandika kwamba mavazi yana nguvu ya kutugeuza. Miaka 18 imepita kati ya treni ile na kitabu hiki. Ningependa kumwambia kwamba ile sarufi waliyoiacha mapajani ilikuwa na kitenzi alichokuwa anakitafuta.

Turudi barazani, maana bibi alitaka kujua kama Orlando aliolewa.

Aliolewa. Karne ya 19 inaingia na unyevu wake, magauni yanapanuka, kila mtu ana pete, mpaka kidole cha Orlando kinaanza kumwasha kwa kukosa yake. Anavunjika kifundo cha mguu nyikani, anapita mpanda farasi, na dakika chache baadaye wamechumbiana, jina hawajaulizana. Anaitwa Shelmerdine, nahodha wa meli za Cape Horn. Kinachowafanya wapendane ni mshangao: yeye anamwona Orlando muwazi na jasiri mpaka anashuku kuwa ni mwanamume, Orlando anamwona Shelmerdine mpole na msikivu mpaka anashuku kuwa ni mwanamke. Wanaulizana, wanahakikisha, wanaulizana tena. Sijasoma maelezo matamu kuliko hayo ya jinsi mtu anavyofurahi kueleweka.

"Na nyumba yake?" bibi akauliza. "Ile ya vyumba mia tatu."

Swali hilo, msikilizaji, ndilo moyo wa kitabu. Orlando anapotoka Uturuki anakuta amefunguliwa kesi tatu. Kwamba amekufa, kwa hiyo hawezi kumiliki mali. Kwamba ni mwanamke, jambo ambalo kisheria halitofautiani sana na la kwanza. Na kwamba aliwahi kuwa mwanamume, akaoa, akazaa wana watatu na Rosina Pepita, nao wanadai kila kitu. Akiwa mlangoni kwake usiku ule, wanasheria bado wanabishana kama yu hai, mbwa wanamrukia kwa furaha, swala wanamjua, watumishi wanamjua. Kesi inakula zaidi ya miaka 100. Hukumu inatoka: ni mwanamke bila ubishi, na nyumba ni yake. Fedha zote zimeishia kwa mawakili.

Vita alizaliwa Knole, huko Kent, jumba ambalo watu husema lina ua 7, ngazi 52 na vyumba 365. Alikuwa mtoto pekee. Alilijua kila dirisha. Baba yake alifariki Januari 1928, Virginia akiwa katikati ya kuandika, na kwa kuwa Vita alikuwa mwanamke jumba na cheo vikaenda kwa baba yake mdogo. Oktoba kitabu kikatoka, na ndani yake mwanamke anarudi nyumbani, anawasha mshumaa, anapita chumba kwa chumba, na hakuna wa kumtoa.

Bibi alinyamaza kidogo. "Yule rafiki," akasema, "yule wa kweli. Alirudishiwa?"

Nikamwambia hapana. Alihamia Sissinghurst, akapanda bustani, akafariki mwaka 1962. Ila Virginia alikuwa amemzawadia mswada wenyewe wa Orlando, ulioandikwa kwa mkono wake, umejalidiwa. Mswada huo leo umehifadhiwa Knole.